Funga Video, Fungua Faili Tupu

Msomaji ameniandikia hivi: "Mwalimu, nina miezi minane najifunza usanifu wa tovuti peke yangu, usiku baada ya kazi. Nimemaliza kozi tatu za video na nyingine mbili nimeishia katikati. Mwalimu wa kwenye video akiandika, naelewa kila kitu. Lakini nikifungua faili tupu ili nianze ya kwangu, mstari wa pili tu unanishinda. Halafu kuna wiki nasoma kila siku, na kuna wiki sigusi kabisa. Je, sina kipaji? Na sasa ninunue kozi ipi?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukumalizia miezi mingine minane. Usinunue kozi yoyote. Ulizo nazo zinatosha na kusaza. La kipaji tuliweke kando kwanza, nitalirudia.

Katika barua yako kuna sentensi moja iliyonieleza hali yako yote: "akiandika, naelewa kila kitu." Nakuamini. Ila kuelewa anachofanya mwenzako na kukifanya mwenyewe ni kazi mbili. Wapo watu wanaoisikia lugha fulani vizuri, wanafuata mazungumzo mwanzo hadi mwisho, lakini wakiombwa waseme wanabaki kimya. Akili wanazo. Masikio yamefanya kazi miaka mingi, ulimi haujaanza. Wewe nawe kwa miezi minane umelizoeza jicho kutambua msimbo, yaani maandishi yanayoujenga ukurasa, na mkono hujauomba ukumbuke chochote.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi. Baadhi walikisoma kisha wakakisoma tena. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakapewa karatasi tupu waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima kwa karatasi tupu walikumbuka asilimia 56 ya kifungu, na waliorudia kusoma asilimia 42. Katika jaribio la pili la watafiti haohao, waliosoma mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka. Ndiyo hali yako hasa. Video inakupa raha ya kuelewa, na raha hiyo unaihesabu kuwa maarifa.

Kwa hiyo mabadiliko ninayokuomba ni moja, na mengine yote nitakayosema yanalitumikia hilo. Tazama video dakika 10, si zaidi. Ifunge. Fungua faili tupu, jenga kile ulichokiona. Utakwama, na ukikwama usikimbilie kuifungua tena. Kaa na ugumu huo dakika chache, jaribu hata njia unayoihisi si sahihi. Ndipo urudi, uangalie kipande kile tu kilichokukwamisha, ufunge tena. Kesho anza ukurasa uleule upya, bila kunakili wa jana. Urudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Tangu 1885, Hermann Ebbinghaus alipochapisha vipimo vya kumbukumbu yake mwenyewe, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau hutupotea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza. Marudio yanayoachana kwa siku kadhaa ndiyo yanayolishikisha somo. Mara ya kwanza utaona aibu kwa jinsi unavyokumbuka kidogo. Mara ya nne vidole vitatangulia.

Sasa huo mstari wa pili.

Wengi wanakwama hapo kwa sababu wanaketi mbele ya faili wakiwa na picha ya rangi na vivuli kichwani, wakati kazi ya kwanza haihusu sura kabisa. Andika kwanza maneno. Ukurasa wako unataka kumwambia nini mtu? Yaandike yote kwa mpangilio ambao ungeyasema kwa sauti, kama barua, bila tagi hata moja, yaani zile alama zinazokiambia kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kila kipande ni nini. Ukimaliza, pitia kila kipande ukiuliza: wewe ni nani? Wewe ni kichwa cha habari. Wewe ni aya. Nyie ni orodha. Wewe unampeleka mtu ukurasa mwingine, basi ni kiungo. Wewe unafanya jambo hapahapa, basi ni kitufe. Majibu ya maswali hayo ndiyo HTML, lugha ya kujengea kurasa. Hakuna siri nyingine ndani yake.

Na ndivyo wavuti ulivyozaliwa. Tovuti ya kwanza, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1991 ikiwa na maandishi na viungo tu. CSS, lugha ya kuupa ukurasa sura, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Desemba 1996. Yaani kurasa ziliishi miaka kadhaa kabla ya kuvikwa nguo. Ukiufungua leo ukurasa ule wa CERN kwenye simu, bado unasomeka. Mpangilio mzuri wa maneno hauchakai.

Mistari michache ya juu ya faili ndiyo pekee ninayokutaka uikariri, lakini uikariri ukijua kila mmoja unafanya nini. Ule wa kwanza kabisa, <!DOCTYPE html>, unakiambia kivinjari kifuate kanuni za sasa. lang="sw" unatangaza kwamba maandishi ni ya Kiswahili, ili programu za kuwasomea wasioona zisiyatamke kwa matamshi ya lugha nyingine; mifano mingi ya kwenye mtandao ina "en" na watu huinakili hivyohivyo. charset ya UTF-8 inalinda herufi zisigeuke alama za ajabu. Na ule wa viewport, ukiusahau, simu nyingi zitauchukulia ukurasa wako kana kwamba uko kwenye kioo cha kompyuta, chenye upana wa takriban pikseli 980, kisha ziubane hadi maandishi yawe kama mchanga. Nimeona watu wakihangaika siku mbili kurekebisha ukubwa wa fonti, kumbe kilichokosekana ni mstari huo mmoja.

Kwenye CSS kaa muda mrefu. Watu huipita mbio kwenda JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa uitikie matendo ya mtu, halafu miaka miwili baadaye bado wanasukuma visanduku kwa kubahatisha. Shika kwanza jambo moja: kila kitu kwenye ukurasa ni kisanduku. Kila kitu, hata neno moja lililokolezwa wino. Ukikipa kisanduku upana wa pikseli 300, ukakiongezea padding (nafasi kati ya kilichomo na mpaka) ya 20 kila upande na mpaka wa 2, kitachukua 344 kwenye kioo, kwa sababu kwa kawaida upana unaoandika ni wa kilichomo ndani peke yake. Ndiyo maana visanduku vyako vitatu vinavyopaswa kukaa sambamba vinasukumana na cha tatu kinaanguka chini. Andika box-sizing: border-box, na 300 itabaki 300. Usiipokee hivihivi kwa kuwa nimesema mimi. Jenga kisanduku, kipime, badilisha, kipime tena. Kifaa cha kupimia kimo ndani ya kivinjari chako. Kwenye kompyuta nyingi kinafunguka kwa kitufe cha F12, nacho kitakuchorea kisanduku pamoja na tarakimu zake zote.

Nikupe zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu limewafungua macho wanafunzi wangu kuliko kozi yoyote. Chukua shairi unalolijua kwa moyo, la beti nne, mishororo minne minne, mizani kumi na sita kila mshororo. Litengenezee ukurasa. Kwenye kioo kipana mshororo ukae mzima, kina cha kati na cha mwisho vikiwa vimepangana wima kadiri inavyowezekana. Kwenye simu mshororo hautatosha, na hapo ndipo usanifu unapoanza. Ukiuacha ukatike wenyewe, utakatika popote, pengine katikati ya kipande, na shairi litakufa mdomoni mwa msomaji. Linatakiwa likatike kwenye kina cha kati tu. Njia mojawapo ni kukiweka kila kipande ndani ya span yake (tagi ya kushikilia kipande cha maneno) na kukipa display: inline-block, ili nafasi ya mshororo ikipungua, kipande cha pili kishuke kizima. Usiandike hivyo mara moja lakini. Jaribu kwanza njia zako, uone zinavyoharibika.

Kisha angalia nafasi. Umbali kati ya mshororo na mshororo lazima uwe mdogo kuliko umbali kati ya ubeti na ubeti, la sivyo jicho halitaona beti, litaona lundo la mistari kumi na sita. Ukilielewa hilo kwenye shairi umeelewa nusu ya usanifu wa kurasa zote: vitu vinavyohusiana vikae karibu, visivyohusiana vitengane. Kichwa cha habari kiwe karibu na aya inayokifuata kuliko na ile iliyotangulia. Fungua tovuti tano zenye sura ya kutangatanga. Nadhani utakuta kosa hilo kwenye nyingi kati yake.

Zoezi hilohilo litakufundisha kwa nini mwaka 2010 Ethan Marcotte alipoandika kuhusu kurasa zinazojirekebisha kulingana na upana wa kioo, wasanifu walibadili namna yao ya kufanya kazi. Ukurasa hauna upana mmoja. Unaposanifu unaamua nini kitokee nafasi inapopungua, na uamuzi huo unatoka kwenye maudhui, haupatikani kwenye jedwali la ukubwa wa simu. Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichopimwa kwa neno la herufi nne kitapasuka ukiandika "Tutakujulisha" au "Wasiliana nasi". Sanifu kwa maneno ya kweli tangu siku ya kwanza. Maandishi ya kujazia nafasi yanakuficha matatizo.

Upande wa jicho nao una mazoezi yake, na kozi nyingi haziugusi. Chagua ukurasa unaokuvutia. Utazame dakika mbili kwa makini, uufunge, uujenge kwa kumbukumbu, kisha uweke wako na wa kwao ubavu kwa ubavu. Tofauti ndizo somo. Utagundua wao wametumia ukubwa wa fonti wa aina tatu tu na wewe umetumia wa aina saba. Nafasi zao zinafuata ngazi ya 8, 16, 32, 64 na zako ni 13 hapa, 22 pale. Baada ya kulinganisha kwa jicho, fungua kile kifaa cha kupimia cha kivinjari uone tarakimu zenyewe. Ukianza na tarakimu utajifunza kunakili. Kazi ya namna hii ibaki kwenye kompyuta yako, usiitangaze kuwa ni yako.

Vipimo vichache vya kuanzia, hadi jicho lako likomae: maandishi ya aya yasishuke chini ya pikseli 16, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa vivinjari. Mstari uwe na herufi kati ya 45 na 75 hivi. Kimo cha mstari kiwe karibu mara moja na nusu ya fonti. Tofauti ya rangi ya maandishi na usuli ifikie angalau 4.5 kwa 1, kama miongozo ya W3C ya ufikivu inavyotaka. Kijivu chepesi juu ya nyeupe kinapendeza kwenye kioo kizuri usiku, kisha mtu aliye juani na simu yake haoni kitu. Na jenga kila ukurasa kwa nyeusi na nyeupe kwanza. Mpangilio ukisimama bila rangi, rangi itaupamba. Usiposimama, rangi haitausaidia.

Sasa wiki zako za moto na za baridi. Hapa wengi hujilaumu kwa uvivu, na mimi siamini kuwa ni uvivu. Ninachokiona kwenye barua yako ni mtu anayesubiri usiku wenye saa tatu tupu na moyo mweupe. Usiku wa namna hiyo huja mara moja kwa wiki mbili. Jipangie kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya haikuzuii: dakika 25. Na usiseme "nitajifunza jioni", kwa maana jioni haina mlango. Ifunge kazi yako kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: nikishaondoa vyombo mezani, nafungua kompyuta na faili ya jana. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyechunguza mipango ya namna hii, "likitokea hili nitafanya lile", alionyesha kwamba anayepanga hivyo hutimiza zaidi kuliko mwenye nia nzuri peke yake.

Utajiuliza itachukua muda gani hadi iwe desturi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia mpya za kila siku. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo ukiona mwezi wa pili bado unajisukuma, hujashindwa. Jambo jingine walilolikuta ndilo ninalotaka ulishike zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Wiki zako za baridi, nadhani, huanza na siku moja iliyokosekana, ikafuatwa na hatia, hatia ikazaa siku ya pili. Ukikosa Jumanne, Jumatano fanya dakika zako 25 kama kawaida. Usilipe deni la jana.

Kuna hila moja ndogo iliyonisaidia kuliko ratiba zote: usimalize. Muda ukiisha, acha kazi mahali unapojua hatua inayofuata, na uandike juu ya faili hatua hiyo kwa maneno ya kawaida: "kesho: picha inatoka nje ya kisanduku chake, jaribu max-width." Kesho yake hutaketi kujiuliza uanzie wapi. Swali lile lilikuwa likikula nusu ya muda wako na kukurudisha kwenye video, ambayo haikuulizi chochote.

Makosa yawekee daftari. Kwa kila kosa lililokuchukua zaidi ya dakika 10, andika mistari mitatu: ulichokiona, kilichokisababisha, ulichofanya. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini njia hiyo utaijua tu ukikumbuka ulipokata kona. Baada ya miezi mitatu utaona makosa yako ni machache yanayojirudia: tagi isiyofungwa, jina la klasi (lebo ambayo CSS hutambulia kipande) lililoandikwa vingine, kanuni moja ya CSS inayoishinda nyingine kwa uzito. Kila ukikwama, badilisha kitu kimoja tu, tazama, kisha kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na ukurasa ukapona, hujui dawa ilikuwa ipi. Kikaguzi cha W3C kitakuonyesha tagi zilizoachwa wazi, na ukitaka kujua sifa fulani ya CSS inafanya kazi vipi, soma MDN, hazina ya maelezo inayosimamiwa na Mozilla. Ni bure na inaaminika. Hakuna msanifu anayekariri sifa zote za CSS. Hata wakongwe hufungua MDN kila siku.

Hukuuliza kuhusu programu za akili mnemba, ila nina hakika unazo mkononi. Zitumie kama mwalimu, zisiwe mkono wako. Ukiziambia "nitengenezee ukurasa", utapata ukurasa na utakuwa umerudi palepale ulipokuwa na video: unaelewa, huwezi. Jaribu kwanza mwenyewe, kisha uzipe msimbo wako na uulize kwa nini kisanduku cha tatu kinaanguka. Zikikupa jibu, lifunge, uliandike kwa mkono wako.

Na kipaji? Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa, akaketi usiku kujifunza kwa miezi minane, kisha akawa mkweli kiasi cha kuandika kwamba hawezi kuanza, ana kitu ambacho siwezi kumfundisha mtu. Jicho linafundishika. Nimeona watu waliokuwa hawaoni tofauti ya nafasi ya 16 na ya 24 wakafikia kuiona wakiwa wamesimama hatua tatu nyuma ya kioo. Iliwachukua miezi, na ilikuwa ni kwa kulinganisha kazi zao na nyingine, kila wiki.

JavaScript iache hadi utakapoweza kujenga ukurasa wa shairi, ukurasa wa orodha yenye picha, na ukurasa wa fomu ya mawasiliano, vyote vitatu kutoka faili tupu bila kufungua video. Kwa mwendo wa dakika 25 huenda ikakuchukua miezi mitatu au minne.

Wa kwanza ukiwa tayari, mpe mtu mmoja simu yako, asiyejua lolote kuhusu kazi hii. Mwambie afungue ukurasa, atafute ubeti wa tatu, asome. Wewe kaa kimya. Usimwelekeze, usijitetee, hata akibonyeza mahali pasipo na kitu. Angalia kidole kinaposita na macho yanaporudi nyuma, uandike daftarini. Kesho yake dakika zako 25 uanze na mstari wa juu wa orodha hiyo.